Nimejiunga na jaribio la CERN nikiwa Mbeya: akaunti nianze na ipi, na kipi hukwamisha watu?

Tukuyu_Fizikia (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nasoma uzamili wa fizikia. Nimepata nafasi kwenye jaribio moja la CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe kule Geneva, kupitia chuo cha nje ambacho tayari ni mwanachama. Nimetumiwa barua pepe ndefu yenye viungo vya kila kitu: akaunti ya kompyuta, uthibitishaji wa hatua mbili, lxplus (seva za Linux za CERN), cheti cha gridi (kitambulisho cha kidijitali cha kutumia kompyuta zao za data), VO (kundi la watafiti wenye ruhusa ya gridi), e-group (orodha ya wanakikundi), GitLab (hifadhi ya msimbo). Haikusema kipi kinatangulia kipi. Laptopu yangu ni Windows 11 na nimeweka WSL (Linux ndani ya Windows) yenye Ubuntu. Mchana natumia intaneti ya chuo, usiku bando la simu. Mwaka huu sisafiri kwenda Geneva.

Je, vyote hivi vinapatikana bila kufika kule? Na nianzie wapi ili nisirudie kazi?

---

Kihesa_Juu

Kamwene mkuu. Kufika si sharti. Kiongozi wa timu wa hicho chuo cha nje ndiye anayekuandikisha, wewe huwezi kujiandikisha mwenyewe hata ukikesha kwenye ukurasa wao. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwandikia yeye, umpe jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, nakala ya pasipoti, barua pepe ya chuo (si ya Gmail) na tarehe ya kuanza na kumaliza masomo. Akaunti inafuata uandikishaji. Uandikishaji wako ukiisha muda, akaunti nayo inafungwa, kwa hiyo tarehe ya mwisho iandikwe ile ya kweli, usipunguze kwa woga.

Jina ndilo huwaponza Watanzania wengi. Cheti cha kidato cha nne huenda kina majina mawili, NIDA matatu, pasipoti imepanga kwa namna yake. Fuata pasipoti, herufi kwa herufi. Sababu ni kwamba jina hilo baadaye linaingia ndani ya cheti cha gridi, kwenye mstari wa utambulisho unaoanza na /DC=ch/DC=cern na kuishia na CN=jina lako. Ukilirekebisha baada ya miezi mitatu, mstari unabadilika, VO haikutambui tena, na unaunganisha cheti upya.

---

Mama_Chembe

Naongezea hapo kwenye nakala ya pasipoti. Usiende kuiskani steshenari ya Mwanjelwa ukaiacha kwenye deskitopu ya watu. Piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, hakikisha mistari miwili ya chini yenye alama za << inasomeka.

Akaunti ikishafunguliwa, utaweka nywila, utakubali kanuni za matumizi ya kompyuta (zinaitwa OC5) na utafanya kozi fupi ya usalama mtandaoni. Hiyo kozi watu huiahirisha, halafu wanashangaa akaunti imezuiwa. Imalize siku hiyohiyo.

Hatua mbili: weka programu ya kuzalisha tarakimu kwenye simu, ile inayotoa namba sita kila sekunde 30. Haihitaji vocha wala mtandao, inahitaji saa ya simu iwe sahihi tu. Kwa hiyo kwenye mipangilio ya simu washa saa ya kujiweka yenyewe. Simu iliyopishana dakika mbili inatoa namba zinazokataliwa kila mara. Na usisajili kifaa kimoja. Weka cha pili, ama simu nyingine ama ufunguo wa USB. Simu moja ikiibiwa pale stendi ya Kabwe, utaanza kuthibitisha wewe ni nani kwa barua pepe, ukiwa umbali wa bara zima.

---

Bondeni_Usangu

Kwenye lxplus ni rahisi, tengeneza ufunguo wa SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) kwa ssh-keygen, peleka ule wa hadharani kwenye seva, umemaliza. Hizo Kerberos, za kuingia kwa tikiti ya muda, ni kujisumbua.

---

Kihesa_Juu

Hapana mkuu Bondeni, kwa seva nyingine ndiyo, kwa lxplus hapo unampoteza. Folda ya nyumbani pale iko kwenye AFS (mfumo wa faili wa pamoja), na AFS haifunguki mpaka uwe na tokeni (kibali) inayotokana na Kerberos. Seva inatakiwa isome ufunguo wako wa hadharani ulio ndani ya folda ambayo bado haijafunguka. Hata ukiilegeza hiyo folda ili isomeke, utaingia bila tokeni: unaona faili zako lakini huwezi kuandika hata mstari.

Fanya hivi ndani ya Ubuntu ya WSL:

sudo apt install krb5-user openssh-client

Ikikuuliza realm (eneo la Kerberos), andika CERN.CH kwa herufi kubwa. Kisha:

kinit jinalako@CERN.CH

Hapa pia herufi kubwa, cern.ch kwa herufi ndogo haitambuliki. Unapoandika nywila hakuna kitakachoonekana kwenye skrini, hata nyota. Kibodi haijafa. Halafu klist ikuonyeshe tikiti na muda wake, ambao ni kama siku moja. Kwenye faili ~/.ssh/config weka:

Host lxplus
  HostName lxplus.cern.ch
  User jinalako
  GSSAPIAuthentication yes
  GSSAPIDelegateCredentials yes
  ServerAliveInterval 60

Mstari wa Delegate ndio unaopeleka tikiti mpaka seva ili AFS ifunguke. Ukiusahau, utaingia halafu utalalamika kuwa "Permission denied" kwenye folda yako mwenyewe. Ule wa mwisho unatuma ishara kila sekunde 60 ili muunganisho wa simu usikatwe ukikaa kimya.

---

Tukuyu_Fizikia (mleta mada)

Asanteni sana. Uandikishaji umepita, nywila na kozi tayari, simu mbili nimesajili. Sasa kinit. Mchana chuoni inasema "Cannot contact any KDC for realm 'CERN.CH'". Usiku kwa bando inasema "Clock skew too great". Saa ya Windows iko sawa kabisa, nimeangalia mara tatu.

---

Mama_Chembe

Ni makosa mawili tofauti, usiyachanganye.

La usiku: Kerberos hairuhusu saa zipishane zaidi ya dakika 5. Saa ya Windows iko sawa, ya WSL siyo. Laptopu ikifunikwa ikalala, Ubuntu iliyo ndani hubaki na saa ya jana. Andika date ndani ya WSL uone. Dawa ni:

sudo hwclock -s

Ikigoma, funga Ubuntu, fungua PowerShell ya Windows, andika wsl --shutdown, kisha fungua tena. Kwa anayefunika laptopu kila umeme ukikatika, hili litajirudia, lizoee.

La mchana: KDC ni seva inayotoa tikiti, na hujaifikia. Kerberos inapita mlango (port) namba 88, na mitandao mingi ya taasisi hufungua 80 na 443 tu. Kwanza jaribu TCP, kwa sababu mara nyingine kinachozuiwa ni UDP peke yake. Kwenye /etc/krb5.conf, chini ya [libdefaults], ongeza:

udp_preference_limit = 1

Ikigoma bado, nenda ofisi ya TEHAMA na ombi lililoandikwa: "Naomba kufunguliwa kutoka ndani kwenda nje, TCP na UDP 88 na TCP 22, kuelekea seva za cern.ch." Ukiwaambia "intaneti inazuia utafiti wangu" watakupimia spidi tu na kukuambia iko vizuri. Huku ukisubiri, washa hotspot ya simu. Kinit na ssh ni maandishi matupu, hazimalizi bando.

---

Bondeni_Usangu

Nimesahihishwa, sawa. Nami nitoe langu lenye faida: lxplus si kompyuta moja, ni jina linalokupeleka kwenye mojawapo ya nyingi. Ukianzisha tmux (kikao kinachobaki hai hata ukikatika) leo, kisha ukakatika, kesho ssh lxplus itakupeleka kwingine na kikao chako hukioni. Kabla ya kutoka andika hostname, uiweke kwenye daftari, urudi kwa jina hilohilo. Na tikiti ikiisha, kilichomo ndani ya tmux kinaendelea kukimbia ila kinashindwa kuandika kwenye AFS. Kazi ndefu zipeleke HTCondor, mfumo wa foleni ya kazi, kwa condor_submit.

Halafu usivute data kuja Mbeya. Kazi iende data ilipo. Picha za grafu zisifunguliwe kwa X11 (kuonyesha dirisha la seva kwenye laptopu yako), itakuchosha. Zihifadhi kama PNG kwenye CERNBox, hifadhi yao ya faili mtandaoni, uzitazame kwa kivinjari. Ingia CERNBox angalau mara moja mapema ili nafasi yako ya EOS (diski kubwa ya CERN) iundwe, maana SWAN, ile ya kuandika Python ndani ya kivinjari, inaitegemea.

---

Kihesa_Juu

Sasa cheti. Usikiombe kabla ya haya yote kukaa sawa. Unakiomba kwenye ukurasa wa CERN wa vyeti, ukiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, si ya maabara ya wanafunzi. Unapewa faili la .p12 lenye nywila unayochagua. Hilo faili ni wewe. Usijitumie WhatsApp.

Lipeleke lxplus kwa scp (amri ya kunakili faili kwa mbali), uliweke kwenye folda ya private. Kisha:

mkdir ~/.globus
fs setacl -dir ~/.globus -acl system:anyuser none
openssl pkcs12 -in ~/private/cheti.p12 -clcerts -nokeys -out ~/.globus/usercert.pem
openssl pkcs12 -in ~/private/cheti.p12 -nocerts -out ~/.globus/userkey.pem
chmod 400 ~/.globus/userkey.pem

Mstari wa fs upo kwa sababu AFS ina orodha yake ya ruhusa kwa kila folda. Chmod pekee haitoshi. OpenSSL ikilalamika kuhusu RC2-40-CBC, faili limefungwa kwa njia ya kizamani: ongeza -legacy baada ya neno pkcs12.

Amri ya nne inauliza nywila mara tatu. Ya kwanza ni ya .p12. Ya pili na ya tatu ni nywila mpya ya ufunguo, unaiandika mara mbili. Hiyo mpya ndiyo itakayoulizwa kila siku, na ndiyo watu huisahau.

Ukitaka kufanya haya ndani ya WSL, folda iwe /home, isiwe /mnt/c. Kwenye /mnt/c chmod inakubali kimyakimya bila kubadilisha chochote, halafu ufunguo unakataliwa kwa kuwa unasomeka na kila mtu.

Baada ya hapo VO. Siku hizi inafanyika kwenye IAM (tovuti ya kusimamia uanachama) ya jaribio lenu: ingia kwa akaunti ya CERN, omba uanachama, unganisha cheti, kubali masharti, subiri msimamizi akukubali. Kisha tengeneza proksi, kitambulisho cha muda mfupi kinachotokana na cheti (weka jina la VO yenu):

voms-proxy-init -voms JINA --valid 24:00
voms-proxy-info -all

Bila --valid unapewa saa 12. Ukiona "User unknown to this VO", aidha hujakubaliwa bado, aidha cheti ulichounganisha si hiki. Linganisha mstari wa subject (ule wa utambulisho), herufi kwa herufi. Cheti kinadumu kama mwaka mmoja, na masharti ya VO nayo yanasainiwa upya kila mwaka. Weka kengele kwenye kalenda mwezi mmoja kabla.

---

Mama_Chembe

Ukikwama na kuandikia dawati la msaada, taja jina la akaunti, hostname, amri uliyoandika, kosa lote lilivyotokea, na matokeo ya ssh -v. Kamwe usiweke userkey.pem wala nywila. Muda andika hivi: 14:20, saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Ukijitafsiria "saa nane na dakika ishirini" ukaandika 8:20, atatafuta kwenye kumbukumbu za seva saa ambayo ulikuwa unakunywa chai. Geneva wako nyuma yetu saa moja kuanzia mwisho wa Machi, na kuanzia mwisho wa Oktoba saa mbili, kwa hiyo barua ya alfajiri haitajibiwa alfajiri.

---

Tukuyu_Fizikia (mleta mada)

Ya WSL ilikuwa saa kweli, ilibaki nyuma dakika 47. Mlango 88 umefunguliwa chuoni. Leo voms-proxy-info inaonyesha timeleft 23:58:41 na jina la VO lipo. Kimebaki kimoja: GitLab, kiungo cha kikundi chetu kinaleta 404. Ukurasa umehamishwa?

---

Bondeni_Usangu

Haujahamishwa. GitLab ikikunyima mradi wa faragha haisemi umekatazwa, inasema haupo. Maana yake hujaingizwa kwenye e-group ya kikundi. Mwombe mwenye kikundi, na ukishaingizwa, toka kabisa kwenye akaunti ndipo uingie upya, kwa sababu kivinjari bado kinabeba orodha ya vikundi ya ulipoingia mara ya mwisho. Kuonyesha upya ukurasa hakusaidii. Ipe GitLab saa kadhaa pia, taarifa haifiki papo hapo.

---

Tukuyu_Fizikia (mleta mada)

Nimeingizwa saa tano asubuhi, ilipofika saa tisa nikatoka nikaingia upya. Imefunguka. Ndaga fijo.