Tupeane uzoefu: bloki au chaji? Uamuzi ambao haujakutoka moyoni

Wakuu, heshima kwenu. Napuliza filimbi ya kikapu mwaka wa sita sasa, na hakuna kinachonisumbua kama mtu kapanda leiap (kufunga kwa kuruka karibu na ringi), mlinzi yuko mbele yake, wote wanakwenda chini: ni bloki (faulo ya mlinzi) au chaji (faulo ya mshambuliaji)?

Naanza mimi. Fainali ya shule, tofauti pointi moja, imebaki chini ya dakika. Mshambuliaji akaingia kutokea kulia, macho yangu yakiwa kwenye mpira. Kishindo. Nikapiga ngumi kiganjani: chaji. Jioni nikaoneshwa video ya simu. Mlinzi alisogeza mguu wa kushoto wakati mshambuliaji keshaacha ardhi. Ilikuwa bloki. Yule kijana alikosa mitupo huru miwili kwa sababu yangu, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo mtu akianza kushuka na mpira, mimi namtazama mlinzi: miguu, kisha kifua.

Karibuni.

*

Mkuu, kiwanja chetu cha mtaani hakikuwa na kile kinusu duara cha chini ya ringi. Tukaning'iniza nati kwa uzi katikati ya ringi, ilipogusa sakafu tukashika kamba ya mita 1.25 kama FIBA (shirikisho la kikapu duniani) wanavyotaka, tukachora kwa chaki. Sasa mlinzi akijibanza humo akagongwa na mtu aliye hewani anayefunga, hakuna wa kudai chaji. Ugomvi umepungua mno.

*

Nafundisha mabinti. Kinachoniumiza ni refa kupiga bloki eti "mlinzi alikuwa anatembea". Akishaweka miguu yote miwili chini akimkabili mwenye mpira, anaruhusiwa kurudi nyuma, kwenda pembeni, hata kuruka wima. Binti wangu alipigwa dafrau la kifua akiwa anarudi nyuma, akatolewa kwa faulo ya tano.

*

Fainali za NBA (ligi ya Marekani) 2018, mechi ya kwanza, nilikesha. LeBron kasimama akilinda, Durant kamvaa na mpira, ikaitwa chaji. Zimebaki sekunde 36.4, marefa wakatazama marudio ya video, wakageuza kuwa bloki. Wenzetu wana kamera kila pembe na bado ni kazi.

*

Sisi tuliwahi kupuliza wawili kwa pamoja: mimi mikono kiunoni (bloki), mwenzangu ngumi kiganjani (chaji). Uwanja ulilipuka. Siku hizi tunakubaliana kabla ya mechi: filimbi zikigongana, ngumi juu tu, ishara nyingine hakuna mpaka tutazamane.