MREJESHO: Injini ya roketi ya ethanoli na oksijeni kimiminika iliyokuwa ikiguguma

Wakuu, narudi na majibu. Niliuliza kwa nini presha ya chemba ya kuchomea mafuta (bar 20) inapanda na kushuka, moto unapiga dugu-dugu-dugu badala ya kunguruma mfululizo.

Aliyesema presha inayopotea kwenye injekta (bamba la matundu linaloingiza mafuta na oksijeni kwenye chemba) ni ndogo mno alilenga penyewe. Yetu ilikuwa bar 2, asilimia 10 tu ya chemba, hivyo chemba ikipanda kidogo mafuta yanasita kuingia. Bamba jipya lina matundu ya mm 1.0 badala ya 1.2, presha inayopotea ikafika bar 4 na ushee. Matangi tukayaongeza bar 2 ili mtiririko usipungue. Kuguguma kumekwisha kabisa.

Ushauri wa kupima injekta kwa kupitisha maji kabla ya kuwasha tuliufuata nusunusu: tulipima ujazo kwa ndoo, mchirizi mmoja mmoja hatukuutazama. Tundu moja la oksijeni lilibaki na kinyuzi cha chuma ukingoni (keekee hiyo!), mchirizi ukapindia ukutani mwa chemba, shaba ya ukuta ikachimbika karibu na koo la nozeli (sehemu nyembamba moto unapotokea) ndani ya sekunde 4. Chemba hiyo haifai tena.

Sasa kila tundu linakaguliwa kwa lenzi kabla ya maji. Asanteni sana, hasa mliotufanyia hesabu za matundu.