Eosinofili ziko juu ila choo hakina minyoo, inakuwaje?

mdadisi_77: Wakuu naomba kueleweshwa. Nimepima damu eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) zimekuja asilimia 14, daktari kasema hao ndo askari wa kupambana na minyoo na kawaida hazizidi 5 hivi. Choo kikapimwa, hakuna kitu. Sasa askari wamejaa hivyo, adui yuko wapi? Na kaseli kasikoonekana kwa macho kanammezaje mnyoo wa sentimita 20??

Hadubini: Hammezi mkuu. Bakteria ndo humezwa mzima mzima, mnyoo hapana. Kingamwili zinamganda lava (mnyoo mchanga) kwenye ngozi yake, eosinofili zinakuja kumvamia kama siafu halafu zinammwagia protini za sumu. Ila hiyo ni kwa lava anayekatiza kwenye nyama, mnyoo mkubwa aliyetulia utumbo mdogo huyo anafukuzwa tu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna seli zinaitwa tafti, chache mno, zikimnusa zinatoa kemikali ya IL-25, seli nyingine za kinga zinajibu na kemikali ya IL-13, basi ute unazidi, misuli inabana, utando wa ndani unajichubua haraka haraka, mnyoo anakosa pa kushika. Na hii kazi ya tafti imejulikana 2016 tu, juzi hapa!

Mama Maabara: Kwenye choo tunatafuta mayai, na mayai anataga mnyoo aliyekomaa. Ukimeza yai la mnyoo wa duara leo, lava anatoboa utumbo, anasafiri na damu mpaka mapafuni, anapanda kooni unammeza tena ndo akakue. Mpaka aanze kutaga miezi 2 au 3 imepita. Eosinofili zinapanda yeye akiwa bado safarini, choo kisafi kabisa. Hukuwa unakohoa?

mdadisi_77: Duh. Wiki mbili kikohozi kikavu, nikasingizia vumbi 😅

pumu_sugu: Msimkimbize kwenye minyoo moja kwa moja jamani, mi zangu zilifika 11 na ilikuwa pumu tu, mzio unaamsha askari walewale.

Mama Maabara: Kweli kabisa. Ila kuna na kichocho, minyoo wake wanaishi kwenye mishipa ya damu miaka na miaka maana wanajivika protini zako mwenyewe, kinga inawaona ndugu. Kinachokuumiza ni mayai, seli zinayazingira yakikwama kwenye ini au kibofu mpaka panakuwa makovu. Kwahiyo mdadisi, rudia choo baada ya wiki kadhaa, na kama uliwahi kuoga mtoni au ziwani mwambie daktari apime na mkojo.