Deni la mabati la 2016 na kodi ya jengo: bado wanaweza kudai? (Tanzania)

Swali: Wakuu, deni la mabati la Machi 2016, notisi ya wakili imekuja sasa. Nyumba pia ina malimbikizo ya kodi ya majengo.

Jibu 1: Madai ya mkataba, kama deni hilo, mwisho wa kufungua kesi ni miaka 6, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Hesabu tangu tarehe ya kulipa ilipopita, si tangu notisi. Kesi iliyochelewa hutupwa hata usipoweka pingamizi (kifungu cha 3).

Jibu 2: Ila angalia risiti, mkuu. Ukilipa sehemu, hata elfu hamsini, au ukikiri deni kwa maandishi na saini, muda huanza upya. Kukiri kwa mdomo hakutoshi. Kwa hiyo usitume "kidogo cha kuwatuliza".

Jibu 3: Kodi usiichanganye humo. Kifungu cha 43 kimeitoa: serikali ikidai kodi, riba au adhabu, ukomo huo hauihusu.