Tunapoitwa wazalendo, tunaambiwa nini hasa?

Mwanakibirizi (Kigoma) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naleta swali ambalo limezungumzwa sana huku mwaloni kwetu Kibirizi tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kwa mara ya kwanza upande wetu wa Tanzania, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, na ambalo kila tukilijadili huishia kwa watu kupandishiana sauti. Katika miezi ile mitatu, kila kiongozi aliyekuja kuzungumza nasi alituita wazalendo, na akaongeza kwamba mzalendo wa kweli hukubali kuumia leo ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Sipingi kufungwa kwa ziwa. Anayeshinda majini usiku kucha hahitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba dagaa na migebuka si kama zamani, na ninafahamu kwamba uamuzi huo ni wa nchi zote nne zenye ziwa hili, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Nina kipe kimoja, yaani chombo cha kuvulia, na nilikipandisha mchangani siku ileile tuliyoagizwa. Linalonisumbua ni jina tulilopewa. Wenye maduka ya mjini na watumishi wa maofisini hawakuitwa wazalendo miezi ile, kwa sababu hawakuombwa kitu. Sisi tulioombwa kukaa bila kipato ndio tuliolipata.

Kijana mmoja katika vijana wangu, ambaye hana chombo wala wavu na hulipwa kwa mgawo wa kile kilichopatikana usiku huo, aliingia katika mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, kabla mwezi wa pili haujaisha. Alisimama katika mkutano, akauliza kwa adabu kabisa kama umewekwa utaratibu wowote kwa watu wa aina yake, akajibiwa kwamba swali la namna hiyo si la kizalendo. Akakaa. Waliokuwa mbele wakapiga makofi.

Naomba mnisaidie kufikiri. Mtu wa kawaida, asiye na cheo, anapoitwa mzalendo, je, anapewa heshima, anapewa kazi, au anaombwa anyamaze?

Mama Dagaa (Katonga, Kigoma):

Kaka Mwanakibirizi, nimesoma maneno yako na naona umeanzia mbali na mahali panapouma. Mimi hununua dagaa alfajiri vyombo vinaporudi, nawaanika, nawauza kwa wachuuzi wanaowapeleka mbali. Miezi ile mitatu chanja zangu zilikuwa tupu kama kipe chako, lakini sisi wakaushaji hatukuitwa wazalendo, wala hatukuitwa kwa jina lolote, kwa sababu mikutano ilihesabu wenye vyombo. Unalalamikia jina ulilopewa. Wapo walioumia vilevile na hawakutajwa.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo hatupendi kulisema. Wako waliotoka kuvua usiku kwa siri, na tuliokuwa tunaishi nao tuliwajua. Jirani yetu mmoja akatoa taarifa. Tangu siku hiyo anaitwa mbeya, na kuna nyumba ambazo haalikwi tena hata kwenye msiba. Kwa viongozi yeye ni mzalendo, kwa wenzake ni msaliti, naye hakulipwa hata shilingi kwa alichokifanya. Mimi nilimkasirikia kama wengine, kwa sababu waliokamatwa walikuwa watu wenye njaa. Hata hivyo nikijiuliza ni nani katika mwalo mzima aliyefanya jambo kwa ajili ya ziwa bila kulazimishwa na bila kutegemea chochote, simuoni mwingine ila yeye. Wewe na mimi tulitii kwa sababu doria zilikuwepo.

Mwalimu Mstaafu (Isevya, Tabora):

Ndugu Mwanakibirizi na dada yangu wa Katonga, nimefundisha historia na uraia kwa muda mrefu, kwa hiyo mtanivumilia nikiingia katika historia ya mji ninaoishi, kwa kuwa hoja ya yule kijana aliyekalishwa iliwahi kuamuliwa hapa Tabora kwa namna iliyo bora kuliko ile mliyoishuhudia.

Mwezi Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka hapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeandaa uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ambayo wananchi wengi wasingeweza kuyatimiza. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wameazimia kuususia, na hasira yao ilikuwa ya haki, kwa sababu utaratibu ule uliwafanya watu wachache walingane na mamilioni. Mwalimu Nyerere aliona kwamba kususia kungewaachia wapinzani viti vyote, akasimama kuwashawishi washiriki. Mjadala ulikuwa mkali. Mwishowe wajumbe walipiga kura, upande wa kushiriki ukashinda, na uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuukubali. Alitoka TANU na kuanzisha chama chake cha African National Congress, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere mwenyewe, akashindwa vibaya.

Nataka mlitazame jambo hili kwa makini. Wajumbe waliotaka kususia hawakuambiwa wakae chini kwa kuwa hawaipendi nchi. Walijibiwa kwa hoja, na walioshindwa walishindwa kwa kura. Kama mtu angesimama siku ile na kutangaza kwamba upande mmoja tu ndio wenye uzalendo, mjadala ungekufa palepale, na wale walioshawishika wangekuwa wametishwa tu. Uamuzi ule ulipata nguvu kwa sababu waliokuja kuutekeleza waliwahi kuupinga kwa uhuru kamili, na TANU iliingia katika uchaguzi wa 1958 na 1959 ikiwa na watu wanaojua kwa nini wamo.

Wakubwa wenzangu watakumbuka ahadi za mwanachama wa TANU tulizozisema kwa sauti moja. Mojawapo ilikuwa hii: Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko. Ahadi ile iliwahusu mkulima na mchukuzi sawasawa na waziri. Kijana aliyesema hadharani kwamba ana deni na hana mgawo alikuwa akisema kweli mbele ya watu wote, mahali panapotakiwa, bila kumsengenya mtu. Sijui ni ahadi gani aliyoivunja.

Katiba yetu nayo haikumwachia mwananchi wajibu wa kutii peke yake. Ibara ya 26, ambayo kila mtu huikumbuka kwa sababu inatutaka tufuate sheria, inampa kila mtu pia haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba na sheria za nchi zihifadhiwe. Ibara ya 27 inatutaka tulinde mali asilia, na hapo ziwa lenu limo. Aliyeziandika hakuona mgongano wowote kati ya kulilinda ziwa na kuhoji namna linavyolindwa. Wengi mtakumbuka tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021: watu walihimizwa kuilipa kwa moyo wa kujenga nchi, wakalalamika kila mahali, na Serikali ikaipunguza mwaka uleule, kisha ikaipunguza tena mwaka uliofuata. Waliolalamika hawakuibomoa nchi.

Nitakubali jambo moja kwa upande wa viongozi, ili nisiwe nimepima kwa mizani ya upande mmoja. Zipo nyakati ambapo nchi haina cha kumlipa mwananchi, na ombi la kujitoa ndilo ombi la haki. Wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979, wakulima walitoa ng'ombe na nafaka, malori ya watu yakaenda mstari wa mbele, na baada ya vita tukaombwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Tulifunga. Dhiki ikaendelea kwa miaka, sabuni na sukari tukizipangia foleni, na kilichotuumiza wengi hakikuwa kukosa sukari bali kutoambiwa waziwazi ni lini na kwa nini miezi ile imeongezeka. Anayemwomba mtu wa kawaida ajitoe ana deni la maelezo, na deni hilo halilipwi kwa kumsifu.

Mzaliwa wa Ulyankulu (Kaliua, Tabora):

Shikamoo Mwalimu. Nimejifunza mengi katika maelezo yako, ila naona kuna watu ambao mjadala huu unawakuta wakiwa mahali pengine kabisa, nami ni mmoja wao.

Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972 wakaletwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Mimi nimezaliwa hapa na sijui kwingine. Mwaka 2014 sisi na wenzetu wa Katumba na Mishamo, watu wapatao 162,000, tulipata vyeti vya uraia baada ya kuukana uraia wa Burundi. Kabla ya hapo baba yangu alilima tumbaku kwa miaka mingi, akakatwa ushuru kama kila mkulima, akafyatua matofali ya madarasa, na jina lake lilikuwa mkimbizi. Tangu cheti kilipokuja, tunaitwa wazalendo kila unapofika wakati wa michango au kupanda miti. Lakini nilipokwenda katika ofisi moja kushughulikia kitambulisho, nikiwa na cheti mkononi, niliulizwa babu yangu amezikwa wapi. Jamaa zangu wa Kasulu na Kibondo, ambao ni Waha wa vizazi na vizazi, wananiambia nao huulizwa hivyohivyo kwa sababu ya lafudhi na majina yao.

Kwa hiyo, kaka Mwanakibirizi, nikijibu swali lako kwa upande wangu, kuitwa mzalendo ni mtihani usiokwisha. Kijana wako alikalishwa, na hilo ni baya, lakini kesho yake aliamka akiwa bado Mtanzania machoni pa watu. Mimi nikiuliza swali lile katika mkutano, hakuna atakayejibu kuhusu mgawo. Watauliza kwetu ni wapi. Ndiyo maana katika makazi yetu utaona watu wanatoa michango haraka kuliko vijiji vya jirani na kuuliza mapato na matumizi kwa nadra sana. Viongozi wanatusifu kwa hilo. Mimi naliona kama hofu, na sitaki watoto wangu wairithi.

Mwalimu, ninachokuomba ukitazame ni kwamba wajumbe wa 1958 waliweza kubishana kwa uhuru kwa sababu hakuna aliyetilia shaka kwamba nchi ni yao.

Mwalimu Mstaafu (Isevya, Tabora):

Mwanangu, umenirekebisha, na nakushukuru. Niliongea kana kwamba kila anayesimama mkutanoni anasimama juu ya ardhi ileile. Sheria imekupa uraia kamili wa kuishi, kupiga kura na kuhoji, kwa hiyo anayekuuliza kaburi la babu yako ndiye anayekwenda kinyume cha sheria ya nchi hii. Uliza mapato na matumizi katika mkutano wa kijiji. Ni haki ya kila mwanakijiji kusomewa. Ukiona vigumu kuanza peke yako, nendeni watatu au wanne, na swali liandikwe katika muhtasari wa kikao.

Mwanakibirizi (Kigoma):

Nawashukuru wote. Dada wa Katonga, sitakubishia kuhusu jirani yenu, ingawa nyumbani kwangu hilo litazua maneno. Nimetambua pia kwamba nilikuwa nikiuliza jina lina maana gani wakati kijana wangu hakuuliza habari za jina. Aliuliza utaratibu.

Kikao chetu cha BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, kinakuja, nami nimeandaa ombi moja. Kila chombo kina usajili, lakini vijana wanaopanda chombo hicho hawaandikwi popote, kwa hiyo ziwa likifungwa tena hakuna anayeweza kusema ni watu wangapi wamekosa kipato, wala msaada ukipatikana haujulikani upelekwe kwa nani. Nitaomba lifunguliwe daftari la vijana wa vyombo vyote vya Kibirizi, na nitamwomba kijana yuleyule asimame alielezee mwenyewe.

Mama Dagaa (Katonga, Kigoma):

Daftari hilo lianze na kurasa za wakaushaji na wabebaji, Kibirizi na Katonga kwa pamoja. Mkianza na vijana wa vyombo peke yao, mtakuwa mmefanya kilekile mlichofanyiwa. Nitakuja na wenzangu, na majina yetu nitakuwa nimeshayaandika.