Seva ya imeili ya kampuni ya intaneti: Postfix, Exim, ama tukodi tu? Tujadili

Wadau wa mitambo hapa Mombasa, hili tulijadili wazi. Kampuni ndogo inayouza intaneti majumbani na madukani, tuseme Likoni mpaka Mtwapa, iweke programu gani ya imeili za wateja? Wengine mwasema Exim, wengine Exchange ya Microsoft, na kuna wanaotaka tukodi, yaani kila kitu kipelekwe Google watu walale. Mie nasema Postfix, na Dovecot ya kutunzia masanduku.

Exim siitukani. Philip Hazel aliianzisha Chuo Kikuu cha Cambridge 1995 na kwa kupanga masharti ya nani apokelewe nani akataliwe ina nguvu sana. Lakini ni programu moja kubwa, kazi zote yafanya yenyewe na mamlaka makubwa ndani ya mashine, ndio maana lile tundu la usalama la 2019, matoleo ya 4.87 hadi 4.91, lilimpa mtu wa mbali nafasi ya kuamrisha mashine nzima. Wietse Venema alipoiandika Postfix pale IBM alizigawa kazi kwa programu ndogondogo, anayepokea siye anayepeleka, na nyingi hazina mamlaka hayo, kwa hivyo mwizi akipata chumba kimoja hajapata nyumba. Sisemi haina matundu, mwisho wa 2023 ilitoka mbinu ya kughushi barua ikazigusa zote mbili.

Exchange ni ya maofisi. Leseni za wateja elfu kadhaa wa majumbani nani atalipa?

Sasa wa kukodi. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM, zinazotuunganisha na ng'ambo, zilikatika pamoja, intaneti ikawa ya kusukumana. Masanduku yakiwa nje, mtu wa Nyali kumwandikia wa Changamwe yataka kebo ya baharini, yakiwa hapa hapa barua haitoki hata Mombasa, na zile za ng'ambo Postfix yazishikilia foleni mpaka siku 5 kabla ya kuzirudisha, tena hiyo ni bila kugusa mipangilio.

Ila nakubali wa kukodi wana hoja moja nzito. Kompyuta ya mteja mmoja ikiingia virusi ikatapika spamu, adresi zenu za IP, namba za mashine zenu mtandaoni, zaingia orodha ya Spamhaus, ile ya watuma spamu, na wateja wote barua zao zakataliwa, wasio na kosa pia. Hapo hakuna programu ya kuwaokoa kama mlango 25, ule wa seva kupeana barua, mmewaachia wazi wateja wa majumbani badala ya kuwapitisha mlango 587 na nywila, na kama hamjaweka SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, na DKIM, sahihi ya kidijitali kwenye barua. Tangu Februari 2024 Gmail yawadai na DMARC, tangazo la barua isiyopita ukaguzi huo ifanyweje, wale wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail. Hiyo yataka mtu wa kuiangalia kila siku, na kampuni isiyotaka kumlipa mtu huyo basi ikodi kweli.

Wa Exim nijibuni hili: fundi wenu wa zamu, saa nane usiku foleni imejaa, ile faili ya masharti mliyoitunga ataielewa bila kumpigia simu aliyeiandika?