Nimebakiwa na punje 11 za maharage ya bibi. Nizipande zote?

Mjukuu_wa_Debe: Wakuu, habari za kazi. Bibi yangu alifariki mwaka jana, na mimi ndiye niliyeachiwa debe lake la mbegu. Ni maharage mchanganyiko: mekundu, ya njano, ya kijivu yenye madoa. Juzi nimelifungua nikakuta unga chini na vidudu vinatembea ukingoni. Nimechambua mchana kutwa. Mengi ni mazima, ila yale meusi yenye jicho jeupe, bibi akiyaita "macho ya paka", nimepata punje 11 tu, na nne kati yake zina tundu. Dukani sijawahi kuyaona.

Nizipande zote msimu huu? Na shambani nitenganishe rangi, au niendelee kuchanganya kama yeye? Kuna na mahindi yake, matatu tu, yamefungwa kwa maganda yake. Jirani anasema nitupe vyote ninunue mbegu mpya.

Mpukuchuaji: Usitupe kitu. Zile nne zitazame kwenye kitovu, pale punje iliposhikamana na ganda. Kiini kinachoota kiko hapo karibu. Tundu likiwa mbali, punje inaweza kuota, ingawa mche utaanza kinyonge maana akiba yake imeliwa. Panda hizo nne sasa, pamoja na tatu nzima. Nne zilizobaki zifiche. Mvua ikikutupa, au kuku wakipita, bado unazo.

Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo hata shina moja linakupa mbegu ileile. Yasogeze mita chache kutoka kwa mengine, kwa sababu nyuki huchanganya mara mojamoja. Ukiyatunza, misimu miwili mitatu una kibaba.

Mahindi ni habari nyingine. Chavua yake inasafiri na upepo, ya jirani itaingia kwako utake usitake. Tena ukichukua mbegu kwenye mahindi mawili matatu kila mwaka, kizazi baada ya kizazi mimea inadumaa na punje zinaota mapengo. Mimi nachukua kwenye mashina yasiyopungua 100, katikati ya shamba, na nayafunga uzi yakiwa bado yamesimama. Watu wengi huchagua hindi kubwa likiwa ghalani. Hapo utajuaje kama shina lake lililala, au lilinenepa tu kwa kuwa liliota peke yake penye samadi? Hayo matatu yako yapande, lakini tafuta na mengine ya aina hiyo uyachanganye nayo.

Kuhusu wadudu: hao huanzia shambani, hutaga kwenye maganda yanayokauka. Ukishapura, anika hadi punje ipasuke ukiigonga kwa jiwe, isibonyee. Kisha tia kiganja cha punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani, rudisha juani. Zikikauka kweli, jaza chupa hadi mdomoni ufunge.

Chotara_Tu: Jirani yako hajakosea kabisa. Mimi mahindi nanunua chotara kila msimu na sijutii. Mara moja nilijifanya mjanja nikarudishia mbegu za mavuno yangu: shamba likatoka na marefu, mafupi, mengine yamekomaa na mengine ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Ila maharage hata mimi natunza ya kwangu.

Samadi_Mbichi: Endelea kuchanganya shambani, bibi hakuwa mvivu wa kuchambua. Kutu, ule ugonjwa wa majani ya maharage, ikishika aina moja, shina la pembeni lisiloshikika linaizuia kusambaa. Mwaka 1970 Marekani ilipoteza takriban asilimia 15 ya mahindi yake kwa ugonjwa wa majani, kwa kuwa chotara nyingi zilibeba urithi uleule wa upande wa mama. Meusi tu ndiyo uyatenge, hadi yaongezeke.

Halafu usiweke zote chupa moja. ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu, walikuwa na benki ya mbegu karibu na Aleppo, Siria, vita ikawaondoa. Mwaka 2015 wakawa wa kwanza kuchukua tena mbegu kutoka hifadhi ya Svalbard, ghala la Norwe linalotunza nakala za mbegu za dunia, wakazipanda upya Lebanoni na Moroko. Waliokolewa na nakala waliyoweka kwa mwingine. Nakala ya bibi yako iko kwa nani?

Mjukuu_wa_Debe: Nimerudi. Swali hilo limenikumbusha mama mdogo; alipoolewa, bibi alimfungia mbegu kwenye kitambaa. Nimempigia, shikamoo, marahaba, nikamuuliza macho ya paka. Hana, hajawahi kuyasikia. Nikakata tamaa. Nilipomweleza lilivyo akacheka: "Aa, unasema mjane!" Amenitumia picha. Jicho ni lilelile, ila punje zake naona zimejaa zaidi.

Atanipa kibaba, kwa sharti nimpe ya njano. Ya kwake yalikwisha mwaka wa ukame, na kwao hakuna tena anayeyapanda. Nimeshamhesabia punje 200. Sasa meusi yake niyachanganye na yangu?

Mpukuchuaji: Hapana, panda mistari miwili, kila mmoja na kijiti chake. Angalia rangi ya maua na siku za kukomaa ndipo uamue. Na hizo 200 zipige ile chumvi kabla hazijasafiri.